Pumzi katika Uogeleaji wa Kisanii: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wazazi na Wachezaji wa Mwanza

Maswali haya yamekusanywa pembeni mwa bwawa. Mengi yameulizwa na wazazi wanaosubiri watoto wao wamalize mazoezi ya Jumamosi, na mengine yameulizwa na wachezaji wenyewe wakiwa bado wanatweta huku wameshika ukingo. Kikundi chetu ni kidogo, wasichana 14 na wavulana 2, na bwawa tunalolitumia ni la hoteli, lenye urefu wa mita 20, ambalo tunapewa alfajiri kabla wageni hawajaamka. Nikiwa kocha wao, nimejibu kwa kirefu pale ambapo kosa linaweza kugharimu maisha au kuua kipaji, na kwa kifupi pale ambapo jambo lenyewe ni jepesi.

Uogeleaji wa kisanii ni mchezo gani hasa?

Ni mchezo ambao mwogeleaji mmoja, wawili, au timu ya watu 8 hutoa onyesho ndani ya maji kwa kufuata muziki, wakichanganya kuogelea, kucheza, kupinduka kichwa chini miguu juu na kurushana hewani, bila kukanyaga sakafu ya bwawa. Uliingia katika Olimpiki mwaka 1984 mjini Los Angeles, kwa mchezaji mmoja na kwa wawili, na timu zikaingia mwaka 1996 mjini Atlanta. Jina la sasa lilianza kutumika rasmi mwaka 2017. Kabla ya hapo mchezo uliitwa kwa jina linalotokana na ule ulinganifu wa waogeleaji wanaokwenda pamoja. Katika Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024 China ilitwaa dhahabu zote mbili, ya wawili na ya timu. Kwa upande wa Afrika, Misri imekuwa ikipeleka timu kwenye Olimpiki mara kwa mara.

Mzazi wa Kisukuma aliyeona bugobogobo, ngoma yetu ya majembe, hahitaji maelezo marefu. Majembe yanarushwa na kudakwa kwa pamoja, miguu inatii ngoma moja, na uso wa mchezaji unacheka hata jasho likimtiririka. Sasa achukulie kwamba wachezaji hao wameambiwa wafanye yote hayo huku wamezibwa pua na mdomo kwa karibu nusu ya muda wa ngoma, kisha kila wanapofunguliwa wapate nafasi ya kuvuta pumzi moja au mbili tu na kuendelea. Hapo ameuelewa mchezo huu.

Kwa nini mchezo unaoonekana laini hivyo unahitaji stamina kubwa?

Ulaini ule ni wa juu ya maji tu. Onyesho moja huchukua kati ya dakika 2 na dakika 3 na nusu, kutegemea aina yake, na kwa karibu nusu ya muda huo uso wa mchezaji uko chini ya maji. Anapokuwa juu, miguu yake hailali. Hupiga lile teke ambalo kikundi chetu kimelipa jina la teke la kukoroga, kwa sababu kila mguu huzunguka kwa zamu, mmoja kulia na mwingine kushoto, kama mwiko unavyokoroga uji, na kwa kufanya hivyo humweka mchezaji juu kifua kikiwa kimetoka majini na mikono ikiwa huru kucheza. Anapopinduka kichwa chini, mikono ndiyo inayochukua mzigo: viganja hupiga kasia mfululizo ili miguu iendelee kusimama juu ya maji. Hakuna kipande cha onyesho ambacho misuli mikubwa ya mwili inapumzika.

Misuli hupata nguvu kwa njia mbili. Njia ya kwanza hutumia oksijeni inayobebwa na damu kutoka kwenye mapafu, ni ya polepole kidogo, lakini haichoshi upesi. Njia ya pili haisubiri oksijeni. Hutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi, na mwishoni humwachia mchezaji miguu mizito na inayowaka. Katika kazi ngumu inayodumu takriban dakika 3, zaidi ya nusu ya nguvu yote hutoka kwenye njia ya kwanza, na hiyo ndiyo tunayoijenga tunapozungumzia stamina. Mtu mwenye moyo unaosukuma damu nyingi kwa kila pigo, damu yenye kubeba oksijeni ya kutosha, na misuli iliyozoea kuichota, hutegemea njia ya pili kwa kiasi kidogo zaidi, na akiibuka juu hulipa deni lake la oksijeni kwa haraka zaidi.

Neno deni nimelichagua kwa makusudi. Kila anapozama mchezaji anakopa. Anapoibuka ana sekunde chache za kulipa kabla ya kukopa tena. Tofauti ya wachezaji wawili wenye ustadi sawa huonekana katika sekunde hizo chache, na kwa maoni yangu ndizo zinazoamua onyesho zima.

Mwanangu anaweza kubana pumzi dakika moja na nusu. Je, huo si mtaji wa kutosha?

Swali hili ndilo ninaloulizwa kuliko yote, na jibu langu ni hapana. Kubana pumzi ukiwa umekaa kwenye ngazi ya bwawa na kubana pumzi huku mapaja yanafanya kazi ni mambo mawili tofauti, kwa sababu misuli inayofanya kazi huila oksijeni kwa kasi kubwa. Katika onyesho, kipande kirefu cha chini ya maji mara nyingi hakizidi nusu dakika. Tatizo ni kwamba kinafuatwa na kingine, kisha kingine, na katikati hakuna muda wa kupoa.

Ninao wasichana wawili ambao huwa nawatumia kama mfano kwa wazazi. Wa kwanza hukaa chini ya maji sekunde 100 akiwa ametulia. Wa pili hafiki hata sekunde 60, lakini katika mbio za mita 400 humwacha mwenzake mbali. Tunapofanya onyesho zima, huwa naangalia mahali mstari wa maji unapopita kwenye mavazi yao wanapopiga teke la kukoroga. Mwanzoni wote wawili maji huwagusa chini ya kifua. Ikifika dakika ya 2, maji ya yule wa kwanza yamepanda hadi mabegani, kidevu kinainuka kutafuta hewa, na mkono unaotakiwa kuwa wima unapinda kwenye kiwiko. Wa pili bado vazi lake linaonekana hadi mshono wa chini ya kwapa. Kibao cha saa hakihitajiki. Mstari ule wa maji unasema kila kitu.

Ni nini kinachotokea kwenye moyo mchezaji anapozama?

Uso unapoingia majini na pumzi ikabanwa, mwili una desturi yake ya asili ya kujihami, ile ile inayowasaidia wanyama wanaopiga mbizi. Moyo hupunguza mapigo, na mishipa ya damu ya mikono na miguu hujibana ili oksijeni iliyopo ihifadhiwe kwa ajili ya ubongo na moyo wenyewe. Wakati huohuo kazi ya misuli inaudai moyo uende mbio. Moyo wa mchezaji basi huvutwa pande mbili: katika onyesho gumu mapigo yanaweza kuvuka 180 kwa dakika anapokuwa juu, kisha yakashuka chini ya 100 katika kipande kirefu cha chini ya maji, na kupanda tena mara anapoibuka. Ndiyo maana kuhesabu mapigo mara tu mchezaji anapoibuka kunaweza kudanganya. Nawaomba wahesabu kwa sekunde 10 wakiwa wameshika ukingo na wamekwisha kuvuta pumzi kadhaa, kisha wazidishe kwa 6, na wahesabu tena baada ya dakika moja. Mapigo yakishuka sana katika dakika hiyo, stamina inakua.

Je, mchezaji anaweza kuzimia majini?

Anaweza, na hata walio bora duniani wamezimia. Mwezi Juni 2022, katika mashindano ya dunia mjini Budapest, Anita Alvarez wa Marekani alizimia mwishoni mwa onyesho lake la mchezaji mmoja na kuzama hadi chini. Kocha wake, Andrea Fuentes, alijirusha bwawani na nguo zake na kumtoa. Alvarez alipona, na miaka miwili baadaye alikuwemo kwenye timu ya Marekani iliyopata fedha mjini Paris. Nalitaja tukio hili kwa sababu moja: aliyeona kwamba mwogeleaji amekwama ni yule aliyekuwa anamtazama bila kupepesa macho.

Kinachosababisha kuzimia kinapaswa kufahamika kwa kila mzazi. Hamu ya kuvuta pumzi haiji kwa sababu oksijeni imepungua. Huja hasa kwa sababu kaboni dayoksaidi imejaa katika damu. Mtoto anayehema harakaharaka mara kumi kabla ya kuzama huiondoa kaboni dayoksaidi hiyo, lakini haongezi oksijeni kwa kiasi cha maana. Matokeo yake ni kwamba kengele ya hatari inazimwa. Anakaa chini akijisikia vizuri, oksijeni inaendelea kuisha, na fahamu zinakatika bila onyo lolote, wakati mwingine akiwa anatabasamu.

Miaka ya nyuma, kabla sijajifunza haya, niliwapanga watoto ukutani na kuwaambia kwamba atakayekaa chini kuliko wenzake ndiye shujaa wa siku. Msichana mmoja aliibuka midomo yake ikiwa ya rangi ya zambarau, macho yakiwa wazi lakini hayamwoni mtu, na nilipomwita jina alichukua muda kunijibu. Hakudhurika, namshukuru Mungu. Tangu siku hiyo mashindano ya kubana pumzi ni marufuku katika kikundi chetu, kuhema harakaharaka kabla ya kuzama ni marufuku, na hakuna anayekwenda chini ya maji bila mwenzake aliye juu akimtazama yeye peke yake. Akizimia, kazi ya kwanza ni kutoa uso wake majini na kumwondolea kibanio cha pua. Asipopumua, mtu aliyefundishwa huduma ya kwanza aanze kumpulizia pumzi na kukandamiza kifua papo hapo, huku mwingine akiita msaada. Kila mtu mzima anayesimamia bwawa letu amefundishwa hilo, na mzazi anayemtafutia mwanawe kikundi kingine chochote aulize kwanza kama wasimamizi wamefundishwa.

Pumzi ikikata, alama zinapungua wapi?

Zamani uchovu ulikuwa unamnyima mchezaji alama za hapa na pale: goti limepinda, kimo kimeshuka, amechelewa nusu hesabu. Kwa kanuni zilizoanza kutumika baada ya mwaka 2022, adhabu imekuwa kali zaidi. Kocha huandika mapema kwenye kadi kila kitu kitakachofanywa na ugumu wake, na waamuzi maalumu hukagua kama kilichoandikwa ndicho kilichofanyika. Kama kadi inasema mchezaji atazunguka mara tatu akiwa miguu juu naye kwa kuishiwa nguvu akazunguka mara mbili na nusu, sehemu ile yote inaweza kurudishwa kwenye alama ya chini kabisa, na timu nzima ikaanguka kutoka nafasi ya juu hadi ya mwisho.

Ndiyo sababu siandiki kwenye kadi jambo ambalo wachezaji wanaliweza kabla ya kuchoka tu. Tunalijaribu wakiwa wamechoka, dakika ya 2 ikiwa imepita. Likiwezekana hapo, linaandikwa.

Stamina hujengwaje?

Kwa kuogelea sana, na kwa subira. Wengi hutarajia kuona watoto wakicheza muziki tangu siku ya kwanza, nao hushangaa kukuta miezi miwili ya mwanzo inakwenda kwa kuvuka bwawa tu, kwenda na kurudi. Sina njia nyingine ya kuwaeleza isipokuwa kwamba nyumba haiezekwi kabla ya kuta kusimama.

Kila baada ya wiki sita tunapima. Mchezaji huogelea mita 400 kwa kasi yake yote, yaani kuvuka bwawa letu mara 20, na siku nyingine huogelea mita 200, yaani mara 10. Tuchukue mchezaji aliyetumia dakika 8 na sekunde 40 katika mita 400, ambazo ni sekunde 520, na dakika 4 na sekunde 5 katika mita 200, ambazo ni sekunde 245. Tunatoa: 520 kuondoa 245 ni 275. Hizo sekunde 275 ndizo gharama ya zile mita 200 za ziada, kwa hiyo mita 100 zinamgharimu sekunde 137 na nusu, na kuvuka bwawa mara moja kunamgharimu sekunde 27 na nusu. Hiyo ndiyo kasi ambayo mwili wake unaweza kuimudu kwa muda mrefu bila deni kujikusanya. Mazoezi yake ya msingi yatakuwa kuogelea mita 100 mara 8 hadi 10 kwa kasi hiyohiyo, akipumzika sekunde 15 au 20 katikati. Akienda kasi zaidi anajichosha bure, na akienda polepole zaidi hajengi alichokuja kukijenga. Nimeona watoto wengi wakiharibiwa na makocha wanaowaamuru waogelee kwa kasi ya juu kila siku, wakidhani kuumia ndiko kujifunza.

Mazoezi hayo huwa siku tatu kwa wiki. Msingi ukishasimama ndipo tunapoleta kazi ya mchezo wenyewe: sekunde 20 za miguu juu kichwa chini, sekunde 30 za teke la kukoroga uso ukiwa nje, kisha tena, mara sita. Kadiri majuma yanavyosonga tunaupunguza ule muda wa juu, kutoka sekunde 30 hadi 20, na hatimaye hadi 10. Kumbuka kwamba kinachopunguzwa ni muda wa kulipa deni. Muda wa kukopa hatuurefushi. Mwisho kabisa tunaunganisha vipande vya onyesho, nusu kwa nusu, na wiki tatu kabla ya kuonyesha tunafanya onyesho zima mara mbili kwa siku, si zaidi.

Hatuna spika ya chini ya maji, hivyo nagonga bomba la chuma kwenye ngazi ya bwawa kuhesabu moja hadi nane. Sauti husafiri majini kwa kasi inayozidi mara nne ya kasi yake hewani, na watoto huisikia vizuri hata wakiwa kichwa chini. Wageni wa ghorofa ya kwanza huisikia pia, nao wametuvumilia, jambo ambalo tunawashukuru.

Je, kukimbia milima ya Mwanza kunasaidia?

Kunasaidia moyo na mapafu, hasa kwa kikundi kama chetu chenye saa chache za bwawa. Mtu anayepanda kilima cha Bugando au anayezunguka Capri Point bila kusimama anajenga kitu. Hata hivyo misuli hujifunza kazi iliyozoezwa, na mapafu ya mkimbiaji hayajui kuvuta pumzi kwa hesabu ya muziki. Siku ya bwawa haibadilishwi kwa siku ya mlima. Ya mlima inaongezwa pale ambapo bwawa halipatikani. Miteremko ya mawe iepukwe, kwani magoti ya mchezaji huyu yana kazi kubwa ya kukoroga maji na hayapaswi kufika bwawani yakiwa yameumia.

Mwanza iko juu ya usawa wa bahari. Inatuathiri?

Kidogo. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa hapa ni pungufu kwa kama asilimia 12 kulinganisha na Dar es Salaam au Zanzibar. Mtoto aliyezaliwa hapa amezoea. Mgeni kutoka pwani anaweza kuchoka mapema katika siku za mwanzo, na apewe wiki moja kabla ya kufanyishwa onyesho zima. Tusidhani kwamba tukishuka pwani kushindana tutakuwa na faida kubwa ya mwinuko, kwani kimo hiki si kikubwa kiasi hicho.

Tunalo ziwa zima hapa. Kwa nini mazoezi yasifanyike ziwani?

Naelewa uchungu ulio ndani ya swali hili, kwa sababu saa ya bwawa ni ghali na maji ya ziwa yako mlangoni. Lakini sababu za kukataa ni nzito. Maji ya kina kifupi penye majani na magugu maji ndiko wanakoishi konokono wanaobeba kichocho, na vijidudu vyake hupenya ngozi ndani ya dakika chache. Kuna sehemu zenye mamba. Maji hayaonekani ndani, kwa hiyo mtoto aliyezama hawezi kutazamwa, na nimekwisha kueleza kwamba kutazamwa ndiko kunakomwokoa. Wazazi wengi wa Mwanza bado wanaikumbuka tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na kufika hapa na mamia ya watu wakapotea. Sitawaomba wamkabidhi mtoto wao kwa maji nisiyoyaona chini.

Kichocho kina uhusiano wa moja kwa moja na mada yetu. Kando ya ziwa aina iliyoenea ni ile ya tumbo, na mtoto aliyekaa nayo muda mrefu hupungukiwa damu. Damu ndiyo inayobeba oksijeni. Mtoto wa namna hiyo anaweza kufanya mazoezi yote niliyoyataja na bado stamina yake isipande, kisha kocha asiyejua akamwita mvivu. Kwa hiyo kila mtoto anayejiunga nasi, hasa aliyekulia Igombe, Kayenze au visiwani ambako kuoga ziwani ni jambo la kila siku, tunamwomba mzazi wake ampeleke kituo cha afya akapimwe kichocho na wingi wa damu. Dawa ya prazikwanteli hutibu, lakini haizuii kuambukizwa upya, hivyo anayeendelea kuingia ziwani apimwe tena.

Mchezaji ale nini?

Ale chakula cha nyumbani, na ale cha kutosha. Mazoezi ya alfajiri yanahitaji kitu chepesi chenye wanga kabla ya kuingia majini, na kwa hapa kwetu sijaona kinachoshinda michembe (viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa) iliyochemshwa au kiazi kitamu. Baada ya mazoezi, ugali au wali pamoja na dagaa, sato au maharage, na mboga za majani. Dagaa wa soko la Mwaloni wanaodharauliwa na watoto wana madini ya chuma na kalsiamu kwa wingi. Chungwa au embe likiliwa pamoja na mlo husaidia madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga yafyonzwe vizuri. Chai ya rangi inywewe baadaye, kwa kuwa huzuia ufyonzaji huo.

Nina neno kwa wazazi wa wasichana. Mchezo huu una vazi la kubana na waamuzi wanaotazama, na kuna watu humwambia binti apunguze kula ili apendeze. Msichana anayekula pungufu ya anachotumia hupoteza nguvu, hupoteza hedhi, mifupa yake hudhoofika, na stamina yake hurudi nyuma hata akizidisha mazoezi. Hedhi ikikoma kwa miezi mitatu, hilo ni jambo la kupelekwa kwa daktari, wala isichukuliwe kuwa dalili ya mazoezi mazuri. Katika kikundi chetu hatumpimi mtoto uzito, na mtu mzima yeyote haruhusiwi kuuzungumzia mwili wa mtoto pembeni mwa bwawa.

Mwenye pumu anaweza kujiunga?

Anaweza, daktari wake akikubali na dawa yake ya kuvuta ikiwa ukingoni, ndani ya mfuko usioingia maji. Bwawa lenye harufu kali ya klorini humchokoza, na siku hiyo abaki nje.

Wavulana wanaruhusiwa?

Wanaruhusiwa. Wawili wa jinsia tofauti wamekuwa wakishindana katika mashindano ya dunia tangu mwaka 2015 mjini Kazan, na kuanzia Paris 2024 kanuni za Olimpiki ziliruhusu wanaume wawili katika kila timu, ingawa hakuna aliyechaguliwa mwaka huo. Wavulana wetu wawili ndio wanaobeba wenzao kwenye mirusho, nao ndio wanaochoka mapema zaidi, kwa sababu mwili wenye misuli mizito huelea kwa shida na hulazimika kukoroga zaidi ili ubaki juu.

Mabadiliko yataonekana lini, na hupotea upesi kiasi gani?

Mtoto anayehudhuria mara tatu kwa wiki huanza kuonyesha tofauti baada ya wiki sita hadi nane. Akiacha kabisa, hasara huanza kuonekana baada ya wiki mbili au tatu. Kwa hiyo likizo ndefu ya Desemba ndiyo adui wetu mkubwa. Anayesafiri kijijini akimbie au aruke kamba nusu saa, siku tatu kwa wiki, na Januari hataanza sifuri.

Siku ya kwanza mtoto aje na nini?

Aje na vazi la kuogelea, kofia, taulo, chupa ya maji ya kunywa na majibu ya vipimo vyake. Kibanio cha pua tunacho. Awe ametafuna kitu chepesi kabla ya kuingia majini. Siku hiyo hatazamishwa kichwa wala hataambiwa abane pumzi. Atavuka bwawa mara nne kwa namna anayoiweza, atashika ukingo, na nitamwomba ahesabu kwa sauti kuanzia moja hadi nane. Wengi hukatika kwenye nne wakavuta hewa. Namba hiyo naiandika kwenye daftari mbele ya jina lake, pamoja na tarehe, na baada ya wiki sita tunairudia mzazi akiwepo.